Je, Kimondo Ni Mali ya Aliyekitambua?

Mtu akiokota jiwe jeusi jangwani, na mwingine akatambua maabarani kwamba limetoka sayari ya Mirihi, ni nani mwenye haki zaidi juu yake? Swali hili si la nadharia tu. Novemba 2023 kimondo cha mawe chenye uzito wa karibu kilo 25 kiliokotwa katika Jangwa la Sahara, eneo la Agadez nchini Niger. Julai 2025 kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 5. Serikali ya Niger ikatangaza uchunguzi kuhusu namna kilivyoondoka nchini. Waendesha mnada wakasema taratibu zilifuatwa.

Wapo wanaodai kwamba thamani hiyo imeletwa na sayansi. Hoja yao ina uzito. Kwa macho tu, kimondo cha aina hii ni jiwe zito lenye gamba jeusi. Mtaalamu hukata kipande, hukichunguza kwa darubini, hupima madini kama olivini na piroksini, kisha hukiweka katika kundi lake. Bila kazi hiyo, jiwe la Mirihi na mawe mengine yangelala mchangani sawasawa.

Hata hivyo, kutambua si kuumba. Maabara haikulifanya jiwe kuwa la Mirihi; ilisoma tu kilichokuwamo. Tena kuna jambo ambalo darubini haiwezi kulisoma: mahali jiwe lilipolala. Hilo analijua aliyeliokota. Vimondo vingi vya Sahara hupita mikononi mwa wafanyabiashara bila mahali hapo kuandikwa, ndipo husajiliwa kwa jina la jumla na namba. Hiki cha Niger kinaitwa Northwest Africa 16788. Jina la Niger halimo. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Jiwe hili halikukataa kwao, limenyimwa.

Je, hasara hiyo ni ya heshima tu? Hapana, ni ya elimu pia. Tarehe 7 Oktoba 2008 asteroidi ndogo ililipuka juu ya Jangwa la Nubia nchini Sudan. Desemba mwaka huo, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea jangwani kwa mstari wakitafuta vipande. Vilipochunguzwa, vilionekana kuwa vya makundi tofauti. Kwa kuwa mahali vilipookotwa palijulikana, wataalamu waliweza kutetea kwamba vyote vilitoka katika asteroidi moja. Kama vingeuzwa kimoja kimoja sokoni, vingehesabiwa kuwa vimondo visivyohusiana. Leo vinaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli cha huko.

Kwa hiyo aliyeokota si muuzaji tu. Ni shahidi, na ushahidi wake ni nusu ya elimu yenyewe. Mtaalamu anastahili sifa kwa kazi yake, lakini sifa hiyo haimpi yeye wala mnunuzi haki ya kufuta kwao jiwe. Haki inadai mahali paandikwe, mwokotaji alipwe kwa kadiri ya kile kilichotambuliwa, na kipande kibaki nchini, ili mwanafunzi wa Agadez naye akisome.