Aibu ya Uso na Lugha ya Tatu

Aghalabu maumivu ya mwanadamu hulitangulia jina lake. Mtoto hulia kabla hajajua kusema tumbo, na mgonjwa huugua kabla tabibu hajafika. Walakini yako maumivu machache ambayo hukuzwa na jina, na mojawapo ni chunusi za uso wa kijana. Kipele chenyewe huvimba, huiva, kikapasuka. Kinachodumu ni neno lililosemwa juu yake mbele ya wenzake. Basi lipo swali: je, amfundishaye kijana kulitaja doa la uso wake kwa lugha ya kigeni humwongoza kwenye ukweli, au humpa mahali pa kujificha?

Swali hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huko watu wa asili mbalimbali hukaa bega kwa bega: Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatooga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, na jirani zao wasemao lugha za Kibantu. Mtoto wa Kiiraqw hupata lugha ya kwanza jikoni kwa mamaye. Ya pili, Kiswahili, ndiyo ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Ya tatu, Kiingereza, hapo kwanza ni somo moja tu, lakini aingiapo kidato cha kwanza hugeuka kuwa lugha ya takriban masomo yote. Umri wake wakati huo ni miaka 13 au 14, na ndio umri ambao homoni za balehe huziamsha tezi za mafuta ya ngozi. Lugha mpya na uso mpya humjia pamoja, naye hakuomba hata kimoja.

Wako wasemao kwamba lugha ya tatu katika jambo hili ni kinyago. Kijana asiyethubutu kumwambia baba yake kuwa uso wake unamwaibisha aweza kulisema jambo lilo hilo darasani kwa Kiingereza bila kutetemeka, kwa kuwa lugha ile haina kumbukumbu ya kicheko. Hakuna aliyepata kumdhihaki kwayo kisimani wala malishoni. Wao huliita jambo hili woga. Lakini sitara si uongo. Mwenye jeraha hulifunga kitambaa ili lipone, si ili alikane. Maadamu neno geni linampa kijana ujasiri wa kuanza kusema, limefanya kazi njema.

Tena lugha za nyumbani nazo hazikosi lawama. Katika Kiswahili, chunusi ni jina la kipele, na pia ni jina la pepo wa majini asemekanaye kuwavuta waogeleaji chini. Wako pia wanaoamini kuwa chunusi ni ushahidi wa uchafu, au wa tamaa ya mwili isiyotimizwa. Ukweli ni mwingine. Tundu la unywele huzibwa kwa mafuta na chembe za ngozi iliyokufa, vijidudu vikaongezeka ndani yake, na ngozi ikavimba. Katika hayo hamna dhambi, na kusugua uso kwa nguvu huzidisha uvimbe. Neno la Kiingereza linalotaja maradhi haya, acne, nalo ni geni kwa Waingereza wenyewe. Wanachuoni wengi huamini kuwa limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kilele, likaharibiwa na mkono wa mnakili. Mwanafunzi atazamaye kilele cha Hanang yuko karibu na asili ya neno hilo kama alivyo mwenzake wa London.

Hata hivyo, hatari ipo. Haipo katika kulijua neno la kigeni; ipo katika kulijua nusu. Kiingereza kina neno moja, fair, ambalo hubeba haki, uzuri na weupe wa ngozi kwa pamoja. Kijana aliyejifunza maana moja tu huliona juu ya kopo la mafuta dukani, akadhani ameahidiwa uso usio na chunusi, kumbe ameuziwa mkorogo. Wala Kiswahili kisijisifu, kwani nacho husema moyo mweupe kwa kuusifu wema. Lakini methali haichubui ngozi, kopo huichubua. Baadhi ya mafuta ya jinsi hiyo yamepatikana na zebaki, iwezayo kuharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuvikomesha vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni. Hapo kosa la msamiati huwa kosa la mwili.

Kwa hiyo wema wa neno hupimwa kwa safari yake. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, hupokea wagonjwa wa lugha nyingi. Tabibu husoma jina la dawa kwa Kiingereza, kijana hueleza kwa Kiswahili, na bibi aliyemsindikiza huuliza kwa lugha ya nyumbani. Dawa ya chunusi huhitaji majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Na nani atakayemsihi kijana avumilie, asitumbue vipele vikaacha makovu, ila yule bibi? Neno likikwama kwa tabibu, dawa hutupwa kabla ya wakati wake.

Hivyo mwalimu amfundishaye kijana neno geni hutenda haki nusu. Nusu ya pili ni kumfundisha njia ya kurudi nalo: kulieleza kwa Kiswahili mbele ya wenzake, na kwa lugha ya mama mbele ya wazee, hata lipoteze ugeni wake na aibu ipoteze makao yake. Lugha ya tatu ni mlango mwema wa kutokea gizani, lakini mtu hakai mlangoni. Siku kijana atakapoweza kuutaja uso wake jikoni kwa mamaye bila kuinamisha kichwa, ndiyo siku atakapokuwa amejifunza neno lile.