Kiasi ni Chupa Ngapi?



Swali hilo la kwenye kichwa si langu. Niliulizwa na kijana mmoja wa VIWAWA baada ya semina ya Kwaresima: "Frateri, kila siku mnatuambia tunywe kwa kiasi. Haya, kiasi ni chupa ngapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikajibu kisomi, nikataja fadhila nne, busara, haki, nguvu na kiasi, nikapigiwa makofi, nikakaa. Sikumwambia kwamba swali lake nilikuwa natembea nalo mfukoni.

Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa vidole vyangu vilipoanza kukakamaa asubuhi. Kanzu yetu ina vifungo vingi, na kuna siku nilichelewa Misa kwa sababu ya vifungo tu. Nilidhani baridi yabisi ni ugonjwa wa mabibi. Hospitalini wakanieleza kwamba ipo aina ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili huo huo, nayo haichagui umri. Tangu hapo kila Ijumaa usiku nameza vidonge sita vya methotreksati. Mara moja kwa wiki, tafadhali, si kila siku; kuna watu wamepoteza maisha kwa kukosea hapo. Siku nyingine nameza foliki asidi ya kupunguza madhara yake, na kila baada ya miezi michache natolewa damu ili ini liangaliwe, kwa kuwa dawa hii inaweza kuliumiza.

Pombe nayo inaliumiza ini hilo hilo. Ndiyo maana daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniambia mapema: "Ukiweza, iache. Usipoweza, iwe kidogo sana, na mimi uniambie ukweli ni kiasi gani."

Nikaitikia. Ikaja Desemba.

Mnaotoka Kilimanjaro mnaijua Desemba. Kila aliyeko Dar, Arusha au Mwanza anarudi kijijini, na mbege inapikwa ya kutosha ukoo mzima. Kwetu anayekupa kata huonja kwanza mwenyewe, ndipo anakukabidhi kwa mikono miwili. Babu ndiye aliyenikabidhi. Ningemwambiaje kwamba sitaki? Nikajifanya mjanja: wiki ile sikumeza dawa, na wiki iliyofuata pia, ili "visikutane" tumboni. Nikanywa siku nyingi kuliko nilivyopanga. Sikulewa, na hilo ndilo lililonipa amani. Nilijiambia: hujalewa, umekunywa kwa kiasi.

Katikati ya Januari vidole vikavimba kama ndizi. Kliniki daktari aliniuliza, "Unakunywa?" Nikasema, "Kidogo tu, daktari." Akauliza, "Dawa unameza kila wiki?" Nikasema ndiyo. Akatazama mikono yangu, akaandika, akasema basi inaonekana dozi hii haitoshi, tuongeze.

Nilikuwa nimeshafika kwenye dirisha la dawa, karatasi mkononi, nilipoelewa nilichokifanya. Yule mama alikuwa amefikiri sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyempa habari za uongo afikirie. Na kwa uongo huo nilikuwa naenda kuongezewa dawa inayolemea ini, ini lile lile nililotoka kulinywesha wiki tatu. Nilirudi. Nilisubiri kwenye benchi karibu saa mbili hadi foleni ikaisha, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alifuta alichoandika, akanieleza kwamba ujanja wangu haukuwa na maana hata kidogo: dawa hii hufanya kazi taratibu kwa majuma, kwa hiyo kuruka dozi moja au mbili hakuiondoi mwilini ili kupisha pombe, ila kunaupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Sasa nirudi kwa kijana wa VIWAWA, maana nadhani nina jibu kuliko siku ile.

Aristotle, katika maadili yake, anasema fadhila hukaa katikati ya kuzidi na kupungua, ila katikati hiyo haipimwi kwa rula. Anatoa mfano wa Milo, mpiga mieleka. Kama chakula cha mizani kumi ni kingi mno na cha mbili ni kidogo mno, mwalimu wa mazoezi hasemi kila mtu ale sita. Sita ni kidogo kwa Milo, na ni nyingi kwa anayeanza leo. Mfano huu niliujibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Desemba ile nilikaa mezani na binamu zangu wazima wa afya, nikapima kiasi changu kwa chupa zao.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafika karibu zaidi. Anakubali kwamba divai yenyewe si haramu. Lakini anasema yaweza kuwa haramu kwa mtu fulani kwa sababu zinazoizunguka, na katika kutaja sababu hizo anaanza na hali ya mnywaji mwenyewe: yule ambaye divai humdhuru kwa urahisi. Ulevi ni jambo jingine, anautaja peke yake. Kwa hiyo unaweza kutembea kwa mstari ulionyooka, ukasali Rozari bila kukosea fumbo, na bado ukawa umezidisha. Katekisimu nayo, namba 2290, inaposema kiasi hutuepusha na kuzidisha, inaweka pombe na dawa katika orodha moja pamoja na chakula na tumbaku. Zamani nilikuwa napita hapo haraka.

Mnapenda namba, najua. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Uingereza wa wagonjwa zaidi ya 11,000 wanaotumia methotreksati. Waliokunywa chini ya vipimo 14 kwa wiki hawakuonekana kuwa na hatari kubwa ya ini kuliko wasiokunywa. Juu ya hapo hatari ilipanda. Kipimo kimoja cha Waingereza ni mililita 10 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ni vipimo viwili na nusu, kwa hiyo 14 ni bia tano na kitu, kwa wiki nzima, siyo Jumamosi moja. Msikimbilie kufurahi. Mbege ya bibi haina lebo, gongo ndiyo kabisa, na kwetu wapo wengi wenye homa ya ini aina ya B bila kujua. Na zipo dawa nyingine za baridi yabisi ambazo madaktari hukataza pombe kwa ukali zaidi. Namba ya mtu mwingine ni ya kumpelekea daktari wako muijadili, siyo ya kumwonyesha mhudumu wa baa.

Wengine mtasema, Frateri, mbona maneno mengi? Mgonjwa aache pombe, basi. Kwa wengi huo ndio ushauri bora, na mimi mwenyewe sasa sinywi, ukiacha divai ya altareni, ambayo daktari alisema tone lile lisinitie wasiwasi. Lakini nina shaka na namna tunavyousema. Tukimfanya kila mgonjwa aliyeonja aonekane mtenda dhambi, hataacha, ataficha. Mimi nilificha, tena nikiwa frateri niliyesomea maadili. Chupa yenyewe ingeweza kunidhuru, sikatai, ila kilichotaka kuniumiza haraka zaidi ni lile neno "kidogo tu". Kwenye kitubio padre hakai kunihesabia glasi. Anategemea niseme kweli. Daktari naye, akishapima damu yote, mwishowe anategemea hicho hicho.

Desemba iliyopita Babu alinijia tena na kata. Akaonja, akanyoosha mikono. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamrudishia, nikasema, "Babu, nisamehe. Nina dawa ya vidole, haipatani na hii." Nilisubiri akasirike. Aliangalia mikono yangu muda mrefu. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge vinne, zile anazonunua dukani mwenyewe kwa ajili ya magoti, anameza asubuhi na jioni anakunywa mbege juu yake, miaka na miaka. Mimi nilikuwa najua kwamba dawa hizo zikikutana na pombe mara kwa mara zinaweza kuchubua tumbo hadi litoke damu. Sikuwahi kumwambia.

"Na hizi zangu je, mjukuu wangu?" akauliza.

Tukakaa chini ya mgomba, nikaanza kumweleza.