Papo kwa Papo Kamba Hukata Jiwe

Methali hii imetoka kisimani. Kingo za visima vya zamani vya mwambao zina michirizi iliyochimbika pale kamba ya ndoo ilipopita miaka nenda miaka rudi. Kamba ni laini, jiwe ni gumu, na bado lililoliwa ni jiwe. Uzito wa methali umo katika maneno yake ya mwanzo, papo kwa papo. Kamba ipitayo leo hapa, kesho pale, haiachi alama. Nguvu yake si ukali wala kasi. Ni kurudi palepale.

Wazee huwaambia hivyo wanaokata tamaa ya kujifunza, na ubongo wenyewe unawashuhudia. Karibu nusu ya ubongo wa binadamu ni sehemu nyeupe, yaani mafungu ya nyuzi za neva ziunganishazo eneo moja na jingine. Weupe huo ni wa mafuta: nyuzi nyingi zimeviringishiwa utando uitwao mayelini. Uzi usio na utando hupitisha ujumbe mita moja au mbili kwa sekunde. Wenye utando mnene huweza kufikia mita 100. Uzi unaotumiwa mara kwa mara huzichochea seli zinazoutengeneza utando huo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu wazima waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu, nusu saa kwa siku, kwa wiki sita. Sehemu nyeupe ilibadilika penye kuoanisha jicho na mkono. Kiasi cha mabadiliko hakikufuata umahiri wa mtu.

Hapa ndipo methali inapopungukiwa kidogo. Jiwe likisuguliwa hupungua, ubongo huongezewa tabaka. Tena kamba haichagui: arudiaye kosa hulitengenezea njia kama arudiaye jambo jema, ndiyo maana mwalimu mwema husahihisha mapema.

Wala si watoto peke yao ambao ubongo wao hubadilika hivyo. Wapiganaji wa zamani wa msituni nchini Kolombia waliojifunza kusoma ukubwani walipimwa pamoja na wenzao wasiojua kusoma. Waliosoma walikutwa na sehemu nyeupe zaidi katika daraja la nyuzi liunganishalo pande mbili za ubongo.