Mkono wa Plastiki Hauulizi

Chuoni tulijifunza kutoa damu kwa njia mbili. Kwanza, mkono wa plastiki: unaudunga hata mara ishirini, haulalamiki. Kisha tukadungana wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo nilijua sindano inauma, na pia kwamba rafiki yangu alinipa mkono akijua vizuri mimi ni mwanagenzi.

Halafu nikapelekwa wodini, huku Webuye. Nyanya mmoja akaniuliza, "Mjukuu, hii kazi ushawahi kuifanya?"

"Mara nyingi, kukhu."

Sikumwambia nyingi hizo zilikuwa za plastiki. Nilikosa mshipa mara mbili. Na bado yeye ndiye aliyenipa pole.

Najua utasema kila daktari alianzia mahali. Kweli. Chuo Kikuu cha Moi, pale Eldoret, huwatuma wanafunzi wa udaktari wakajifunze katika jamii, na ni vyema. Bila sindano ya kwanza hakuna ya elfu. Lakini nani hulipia hiyo ya kwanza? Mara nyingi ni yule asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa akubali kabla hajahudumiwa. Sasa, ukikubali juu ya uongo, umekubali nini? Plastiki haikunifunza kujibu swali la kukhu, kwa sababu plastiki haiulizi.

Siku hizi nasema: "Bado najifunza, mwalimu wangu ni huyu hapa. Unaniruhusu?" Wengine hukataa. Ni haki yao, nami husogea kando.