Mtu Mzima na Mchezo Alioupenda Utotoni

Suala: Je, mtu mwenye mke na watoto, mwenye duka na shughuli, ambaye mvi zimekwisha kumwingia, yamfaa kuurejea mchezo alioupenda utotoni, au huo ni upuuzi na kupoteza umri?

Jawabu: Kwanza na ajulikane aulizaye. Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars, ya mji mdogo ulio chini ya mlima Rungwe, ilitwaa ubingwa wa mpira wa Tanzania Bara. Mtoto wa miaka kumi wakati ule, aliyekuwa akicheza chandimu kwa mpira wa matambara katika matope ya Rungwe, leo yu katika umri wa hamsini. Huenda yuko Mwanjelwa, Mbeya, auza mchele wa Kyela. Au amehamia Iringa na ana duka lake. Hulala na hesabu, na huamka na hesabu. Mguu uliokuwa ukiruka mitaro sasa hulalamika ngazini. Na akiulizwa mbona hachezi tena, husema: Sina wakati.

Wallakini wakati anao. Mtu huyu huyu jioni huonekana katika kibanda cha kutazamia mpira, amekaa muda wa saa mbili akiwatazama vijana wa Uingereza wakikimbia, na mkononi ana kikaratasi cha kamari ambacho watu hukiita mkeka. Basi kinachomzuia ni kitu kingine, nacho ni hadhi. Aogopa wateja wake wasimwone akihema, au akipigwa chenga na mtoto wa jirani. Jambo hilo yeye huliita haya, na haya ni sifa njema. Illa haya humzuia mtu na ubaya, na hili lamzuia na halali. Hicho ni kiburi kilichovaa kanzu ya haya.

Na atazame khabari aliyoipokea Abu Daud kwa Bibi Aisha. Alikuwa safarini pamoja na Mtume s.a.w., wakashindana mbio kwa miguu, naye Bibi Aisha akashinda. Ukapita muda, mwili wake ukanenepa, wakashindana mara ya pili. Mtume akashinda, akamwambia kuwa huku ndiko kulipa kule. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Baina ya mbio zile mbili alikuwa amebeba mzigo wa umma mzima, na juu ya hayo yote hakuzisahau mbio alizoshindwa! Wala hakuona kwamba kukimbia na mkewe kwapunguza cheo chake. (Na wale wasemao kuwa mazoezi si ya wanawake, na wakumbuke aliyeshinda mara ya kwanza ni nani. Mwanamke naye ana mwili, atafutiwe mahali pa sitara.)

Kadhalika Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra. Imepokewa kuwa tangu ujana wake mapenzi yake yalikuwa katika mambo mawili, elimu na kurusha mishale, na kwamba katika mishale kumi alikuwa akilenga yote kumi. Hakuuona mchezo wake kuwa aibu ya mwanachuoni. Bali mwanafunzi wake Muzani amesema kwamba mlango wa mashindano katika fiqhi, Shafii ndiye wa kwanza kuutunga.

Ikiwa atasema mtu: Mishale na farasi ni maandalio ya vita, na mpira ni mchezo tu. Ataambiwa: Ni kweli, haviwi sawa. Kulenga shabaha ni sunna, na mpira ni mubaha. Lakini mubaha hufuata nia, na mwenye kutaka nguvu za kufanya kazi na kusimama katika sala ana nia njema. Ama kuweka mali, madhehebu ya Shafii hayakuruhusu hata katika mbio za miguu. Itakuwaje basi mkeka, ambao mwenyewe hata hakimbii? Na asiache magoti na mapaja wazi, wala asiipitishe alasiri kwa ajili ya bao.

Naam, yuko ambaye kweli hana wakati. Mwenye mzazi mgonjwa nyumbani, au mwenye deni lililofika na mdai yuko mlangoni, huyo na atangulize haki za watu, uwanja utamngoja.

Na aliye na nafasi asianze kwa pupa. Mbeya iko juu yapata mita 1,700, na pumzi za miaka hamsini si za miaka kumi. Na aanze kwa kutembea, akiwa na ugonjwa amwulize tabibu kwanza, khalafu awatafute rika lake wenye mpira. Asiyepata timu, hasa akiwa Iringa, mlima wa Gangilonga uko karibu, ambao maana ya jina lake ni jiwe linenalo. Baada ya alasiri apande pamoja na mwanawe. Mtoto akitangulia kufika juu, asimwonee haya. Na aiweke moyoni siku hiyo, mwakani washindane tena.