Nane Inayofanana na Mbili

Kidole gumba na cha shahada vikiinuliwa pamoja, mnunuzi kutoka Kariakoo huenda akaona mbili. Muuzaji wa Guangzhou amesema nane.

Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja, kwa ishara zao wenyewe. Ndiyo maana katika masoko ya jumla ya mji huo, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hufuata nguo, viatu na simu, kalkuleta ndiyo msemaji mkuu. Muuzaji anabonyeza bei, mnunuzi anaifuta na kubonyeza yake, kalkuleta inavuka meza tena na tena hadi mmoja aitikie kwa kichwa.

Ni lugha nzuri mno, ila inajua bei tu.

Ubora, rangi na siku ya kupakia mzigo havimo ndani yake, na hapo ndipo mtaji wa mtu unapoangamia. Mnunuzi makini huweka sampuli mezani, huipiga picha mbele ya muuzaji, kisha huhakikisha idadi na tarehe zimeandikwa kwenye oda kabla ya kutoa malipo ya awali.