Je, Ajali Haina Kinga?

Miongoni mwa misemo ambayo sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wetu, upo mmoja ambao aghalabu hatuuhoji: "Ajali haina kinga." Msemo huu husemwa matangani, na husemwa kwa nia njema, ili kumpunguzia mfiwa uchungu wa kujilaumu. Lakini neno lifaalo kuliwaza si lazima lifae kuongoza. Ndugu msomaji, natutafakari swali hili: mahali palipo mbali na mji, pasipofikiwa na gari la zimamoto, wajibu wa kuwakinga watu na moto ni wa nani?

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katika kijiji kikubwa cha Sange, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu, katika bonde la mto Ruzizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Petroli ikaanza kumwagika. Baadhi ya wenyeji walikuja na vyombo kuyakinga yale mafuta. Wengine walikuja kutazama tu. Karibu na hapo watu wengine walikuwa wamejaa ukumbini wakitazama mpira wa Kombe la Dunia katika televisheni. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto wakiwamo, na nyumba zilizokuwa kando ya barabara ziliteketea. Majeruhi walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu, na wafu wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Baada ya msiba wa namna hii husikika kauli mbili. Wa kwanza husema, "Ilikuwa ajali, na ajali haina kinga." Wa pili hutikisa kichwa na kusema, "Tamaa iliwaua." Kauli hizi zaonekana kupingana, lakini kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote mbili hutuondolea kazi. Ikiwa ni majaliwa, hatukuwa na la kufanya. Ikiwa ni tamaa ya marehemu, basi halituhusu sisi tusio na tamaa.

Tuichunguze kauli ya kwanza. Neno "ajali" tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, hasa ukomo wa maisha ya mtu. Kwa maana hiyo msemo ni wa kweli: hapana awezaye kuukwepa ukomo wake. Lakini siku hizi twaliita ajali kila jambo baya lililotokea ghafula, hata lile ambalo sababu yake yajulikana. Petroli hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufuata mitaro na mabonde, hata ukafika jikoni kwa mtu ambaye hakulikaribia lori kamwe. Hapo cheche moja yatosha. Jambo lenye sababu ijulikanayo laweza kutazamiwa, na litazamiwalo laweza kutayarishiwa. Tena halikuwa jambo geni. Tarehe 31 Januari mwaka 2009, huko Sachang'wan nchini Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna iyo hiyo. Wahenga walisema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Je, nani alikuwa na maji ya kututilia? Habari ya msiba husafiri upesi kwa redio. Funzo lake hubaki nyuma.

Na kauli ya pili? Yule aliyekaa ukumbini akitazama mpira alikuwa na tamaa gani? Mtoto aliyelala nyumbani mwao alitamani nini? Hata yule aliyekuja na ndoo, tusimhukumu haraka. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua jambo ambalo hakufundishwa, na maskini aonaye mali ikipotea ardhini huokota kama vile angeokota nafaka iliyomwagika. Tukisema "tamaa" na kunyamaza, tumewazika wafu mara ya pili, na walio hai hatujawafundisha kitu.

Basi utayari ni nini kwa watu wasio na gari la zimamoto? Kwanza ni maarifa yaliyoenea kwa wote: kwamba mafuta yakimwagika watu waondoke, waende mbali, upande utokako upepo na penye mwinuko, kwamba kila jiko, taa na sigara izimwe, kwamba petroli iwakayo haizimwi kwa kumwagiwa ndoo ya maji, kwa sababu huelea juu ya maji na kuenea. Pili ni mapatano yaliyofanywa kabla ya siku ya hatari: nani atapiga kengele, nani atawazuia watoto, nani atasimama barabarani kuyasimamisha magari, na majeruhi watachukuliwa na nani. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kikao kimoja chini ya mti, na kukumbushana kila mwaka.

Huenda mtu akauliza: Je, si dhuluma kuwatwika wanakijiji mzigo ambao ni wa serikali na wa wenye malori? Swali hili ni la haki. Wenye magari wanapaswa kuyatunza na kuwafunza madereva wao. Serikali yapaswa kutengeneza barabara na kujenga hospitali. Tusikubali wajibu huo usahauliwe. Lakini wajibu si kama mkate, kwamba akila mmoja mwingine hupungukiwa. Serikali ikichelewa, hatia ni yake. Hata hivyo mtoto wa jirani yuko karibu nami, wala si karibu na wizara.

Hapa ndipo ilipo sehemu yetu walimu. Ubavuni mwa malori huandikwa neno HATARI. Neno hilo hutuambia kwamba ipo hatari. Halituambii tufanye nini. Kulijaza neno hilo maana ni kazi ya darasani, kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni na mchunga ng'ombe watakielewa. Insha moja juu ya moto, igizo moja la watoto mbele ya wazazi, yaweza kufika pale ambapo mwongozo wa kitaalamu haufiki.

Lugha yetu imeliweka neno "kinga" katika maana zaidi ya moja. Kinga ni hifadhi, kinga pia ni ukuni uwakao, nao wahenga walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Ukuni mmoja huzimika wenyewe. Na hifadhi nayo ni vivyo hivyo: ajuaye peke yake hamwokoi mtu, bali ajuaye pamoja na jirani zake. Tuendelee kuufundisha ule msemo wa matanga, lakini siku ya pili yake, matanga yakiisha, tuwaulize wanafunzi wetu: Kinga ipi ilikosekana, na nani kati yetu ataileta?